Chati, Kanda na Kumbukumbu: Kupima Mafanikio ya Nyimbo za Kufokafoka

Mwaka 1991 lilifanyika jijini Dar es Salaam shindano la vijana lililoitwa Yo! Rap Bonanza. Mshindi wake alikuwa Saleh Jabir, ambaye mashabiki walimfahamu zaidi kwa jina la Saleh J. Jambo alilolifanya ni jepesi kulieleza: aliuchukua mdundo wa "Ice Ice Baby", wimbo wa Mmarekani Vanilla Ice, akauvika maneno ya Kiswahili. Wakati huo vijana wengi wa mjini waliojaribu sanaa hiyo walikariri Kiingereza cha nyimbo za Marekani, na baadhi yao waliona kuwa Kiswahili, pamoja na maneno yake marefu yanayoishia na irabu, hakiwezi kwenda na kasi ya midundo ile. Saleh J alionyesha kwamba kinaweza.

Wimbo wa asili ulikuwa tayari na cheo chake. Katika chati ya tarehe 3 Novemba 1990 ulishika nafasi ya kwanza kwenye Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya jarida la Billboard la Marekani, na kwa kawaida ndio unaotajwa kuwa wimbo wa kwanza wa kufokafoka kufika kileleni hapo. Wimbo wa Kiswahili uliozaliwa kutokana nao haukushika nafasi yoyote mahali popote, kwa sababu hapakuwa na chati ya kuupa nafasi. Hata hivyo, ni vigumu kupata maelezo ya historia ya hip hop ya Kiswahili yasiyomtaja Saleh J katika kurasa zake za mwanzo, ilhali huko Marekani Vanilla Ice aghalabu hukumbukwa kwa mzaha.

Mada ya mhadhara huu ni pengo lililopo kati ya nyimbo hizo mbili. Inapodaiwa kwamba wimbo fulani "ulifanikiwa", ni nani aliyehesabu, naye alihesabu nini? Kwa mtaalamu wa Kiswahili swali hili si la pembeni. Matini zinazochaguliwa kwa ajili ya tasnifu, mifano inayoingizwa katika makala na nyimbo zinazofundishwa darasani huchaguliwa, kwa kiasi kikubwa, kwa kigezo cha umaarufu. Kigezo kikiwa na kasoro, nyimbo zilizoigeuza lugha zitaachwa nje, na zitakazoingia ni zile zilizobahatika tu kuhesabiwa.

Inafaa kuanza na Marekani yenyewe, kwa kuwa ndiko chati zilikozaliwa na ndiko udhaifu wake unakoonekana vizuri zaidi. Hot 100 ilianza Agosti 1958. Ilichanganya mambo mawili: mauzo ya santuri za wimbo mmoja mmoja, yaani singo, na wingi wa mara ambazo wimbo ulipigwa redioni. Kwa zaidi ya miaka thelathini taarifa za mauzo zilikusanywa kwa simu. Wenye maduka waliulizwa ni santuri zipi zilizokuwa zikinunuliwa sana, nao walizitaja kwa mpangilio wa kwanza, pili, tatu. Hawakutaja idadi halisi. Walitoa makisio yao, na makisio hubeba kumbukumbu, upendeleo na pengine zawadi iliyotoka kwa kampuni ya muziki. Muziki ulionunuliwa zaidi katika maduka madogo ya mitaa ya watu weusi, na ambao vituo vikubwa vya redio havikupenda kuupiga, ulikuwa na nafasi finyu ya kuonekana. "Rapper's Delight" ya Sugarhill Gang, iliyotoka mwaka 1979 na kuitambulisha sanaa hiyo kwa dunia nzima, haikupita nafasi ya 36 katika Hot 100. Katika chati ya muziki wa watu weusi ilifika nafasi ya nne.

Chati hiyo ya pili inastahili kutazamwa kidogo na wanafunzi wa isimujamii, kwa sababu ya majina yake. Ilipoanza mwaka 1942 ilibeba jina la Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York. Baadaye kidogo ikatumia neno lenye maana ya "mbari", mwaka 1949 ikaitwa ya "rhythm and blues", mwaka 1969 ya "soul", mwaka 1982 ikaitwa waziwazi ya "weusi", mwaka 1990 ikarudi kwenye "R&B", na mwaka 1999 neno "hip hop" likaongezwa katika jina lake. Wanunuzi wa muziki huo walikuwa jamii ileile muda wote, huku mwenye jarida akihangaika namna ya kuwataja.

Mabadiliko makubwa yalikuja tarehe 25 Mei 1991. Kuanzia siku hiyo chati ya albamu ya Billboard iliacha makisio ya simu, ikaanza kutumia takwimu za SoundScan, mfumo uliosoma mistari myeusi iliyochapwa nyuma ya bidhaa kila ilipopitishwa mbele ya mashine ya keshia. Katika wiki chache tu, albamu ya pili ya kundi la N.W.A kutoka Los Angeles iliingia katika chati hiyo ikiwa nafasi ya pili, na wiki iliyofuata ikawa ya kwanza, ingawa vituo vya redio viliiogopa karibu kabisa. Masikio ya Wamarekani hayakuwa yamebadilika ghafla katika wiki hizo chache. Kilichobadilika ni namna ya kuhesabu, na vijana waliokuwa wakinunua muziki huo kwa miaka kadhaa wakaonekana kwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa Novemba mwaka huohuo utaratibu mpya ukaingizwa pia katika Hot 100.

Lakini mashine nayo husoma kile tu inachowekewa mbele yake. Kampuni za muziki zilitambua mapema kwamba shabiki aliyekosa singo dukani atalazimika kununua albamu nzima, ambayo bei yake ni kubwa zaidi. Singo ya "Ice Ice Baby" iliondolewa madukani ikiwa bado motomoto. Wimbo ukaporomoka katika Hot 100, ilhali albamu iliyoubeba ilikaa kileleni mwa chati ya albamu kwa wiki 16. MC Hammer alikuwa ametangulia: "U Can't Touch This" iliishia nafasi ya nane, kwa kuwa haikutolewa kwa namna ya kawaida ya singo, wakati albamu yake ya mwaka 1990 iliongoza kwa wiki 21. Mfano unaoshangaza zaidi ni wa Fugees. Mwaka 1996 "Killing Me Softly" yao ilikuwa singo iliyouzwa kuliko zote nchini Uingereza, na huko Marekani redio ziliipiga mchana na usiku, lakini katika Hot 100 haikuonekana hata katika nafasi ya mia. Kanuni ilidai wimbo uwe umeuzwa kama singo, na wao hawakuuza singo huko. Kanuni hiyo iliondolewa Desemba 1998. Mtafiti anayeandika historia ya muziki wa miaka ya 1990 kwa kufuata chati hiyo peke yake ataukosa mmoja wa nyimbo zilizosikika zaidi katika muongo mzima.

Yaliyofuata ni historia ya ushindi, na inaweza kupitwa kwa haraka. "Gangsta's Paradise" ya Coolio ilikuwa wimbo wa kwanza katika hesabu ya mwaka mzima wa 1995. Oktoba 2003 nafasi zote kumi za juu za Hot 100 zilishikwa na wasanii weusi, wengi wao wa hip hop, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla ya hapo. Kisha kipimo kikabadilika tena: usikilizaji wa mtandaoni ulianza kuhesabiwa, na mwaka 2013 ukaongezwa utazamaji wa video katika YouTube. Tokea hapo kila mara mtu anapousikiliza wimbo huhesabiwa, wakati zamani mnunuzi alihesabiwa mara moja tu, hata kama aliisikiliza santuri yake mpaka ikachakaa. Kwa kipimo hicho Drake, mwezi Julai 2018, alishika nafasi saba kati ya kumi za juu katika wiki moja. Mwaka 2019 Lil Nas X alikaa kileleni wiki 19 kwa "Old Town Road", rekodi ya wakati huo. Wimbo huohuo ulikuwa umeondolewa katika chati ya muziki wa "country" kwa maelezo kwamba haukuwa na sifa za kutosha za aina hiyo. Kumbe hata baada ya mashine kuchukua kazi ya kuhesabu, bado yupo mtu anayeamua kitu gani kihesabiwe chini ya jina gani.

Swali linalofuata ni Waswahili walikuwa na nini mahali pa chati. Lugha yenyewe inatoa jibu la kwanza. Maneno ambayo wanahabari na mashabiki wameyatumia kwa miaka mingi kueleza wimbo uliofanikiwa ni "kuvuma" na "kutamba". Kuvuma ni sifa ya ngoma na ya upepo. Ni sauti inayosikika kwa mbali, na anayeishuhudia ni yule aliye mbali, si mpigaji. Methali ya ngoma ivumayo sana inajulikana na kila mtu. Kutamba nako ni kujigamba, kupita mbele ya watu kwa mwendo wa kujisifu. Katika muziki wa kufokafoka maana hizo mbili zimekutana vizuri ajabu, kwa sababu msanii hutamba katika wimbo, kisha wimbo wenyewe hutamba mitaani. Katika maneno hayo hakuna dhana ya idadi. "Chati", pamoja na "kushika namba moja", ni maneno yaliyokuja na redio na magazeti ya burudani, nayo yametumika zaidi kwa maana ya sifa kuliko ya hesabu. Msomaji wa gazeti la Dar es Salaam aliyesoma kwamba kibao fulani "kinashika chati" hakutazamia kuonyeshwa jedwali.

Neno "kufokafoka" lenyewe linahitaji maelezo. Kufoka ni kuchemka na kumwagika, kama maziwa jikoni, na pia kusema kwa hasira. Kitenzi kinaporudufiwa katika Kiswahili, mara nyingi huleta maana ya kurudiarudia, au ya kutenda pasipo lengo, kama katika "kutembeatembea" na "kusemasema". Kwa hiyo jina "muziki wa kufokafoka" lilibeba hukumu ya wakubwa, kwamba vijana hao hawaimbi, ila wanafokafoka tu. Vijana wenyewe walichagua msamiati mwingine. Walisema "wanachana", kitenzi chenye maana ya kutenganisha nywele kwa kitana na pia kupasua nguo au karatasi, na kile walichokichana wakakiita "mistari". Neno "mistari" lilikuwa tayari ni istilahi ya ushairi, na hapana shaka kwamba wengi wao walikutana nalo darasani. Hata hivyo, "kufokafoka" likazoeleka hadi likapoteza sehemu kubwa ya dharau yake, nalo hutumika hapa kwa maana hiyo iliyopoa.

Huko Tanzania Bara, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, redio ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya muziki wa nyumbani iliyoupiga ulikuwa wa bendi zilizorekodiwa katika studio yake yenyewe. Kijana aliyerekodi sauti yake nyumbani, juu ya mdundo wa santuri ya Kimarekani, hakuwa na mlango wa kuingilia. Nyimbo za mwanzo zilisafiri kwa njia nyingine: kumbi za disko, matamasha ya shule, kanda zilizonakiliwa kutoka mkono hadi mkono, na daladala. Baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kuruhusu vituo vya binafsi, Radio One ilianza mwaka 1994, na kipindi cha DJ Show cha Taji Liundi kikawa mahali pa kwanza pa hakika pa kuzisikia nyimbo hizo hewani. Jina "Bongo Flava" kwa kawaida huhusishwa na mtangazaji mwingine wa kituo hichohicho, Mike Mhagama, mwaka 1996. Kundi la Kwanza Unit lilikuwa limeundwa mwaka 1993. Mwaka 1995 Joseph Mbilinyi, wakati huo akiitwa 2 Proud na baadaye Mr. II na Sugu, alitoa "Ni Mimi", mojawapo ya albamu za mwanzo kabisa za kufokafoka kwa Kiswahili.

Ni albamu ngapi ziliuzwa? Hapa ndipo mtafiti anapogonga ukuta. Biashara ya kanda ilishikwa na wasambazaji wachache wa Dar es Salaam. Msanii aliwakabidhi kanda yake mama kwa malipo ya mara moja, au kwa ahadi ya kulipwa kiasi fulani kwa kila nakala. Idadi ya nakala zilizochapwa ilijulikana na msambazaji peke yake, na malalamiko ya wasanii juu ya idadi hiyo ni sehemu ya historia ya muziki huu kama zilivyo nyimbo zenyewe. Nje ya duka la msambazaji palikuwa na wanakilishaji wa mitaani, ambao nakala zao hazikuandikwa popote. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na chama cha COSOTA kilichotokana nayo vilikusudiwa kurekebisha hali hiyo, lakini sheria haiwezi kurudi nyuma kuhesabu kanda za mwaka 1995. Takwimu zozote za mauzo ya kipindi hicho zinazonukuliwa katika maandishi zinapaswa kusomwa kwa tahadhari kubwa.

Vituo vya binafsi vilipoongezeka vilianza vipindi vya nyimbo kumi bora za wiki. Vipindi hivyo vilipendwa sana, na hakuna sababu ya kuvibeza. Lakini mpangilio wake ulitokana na simu na ujumbe wa wasikilizaji pamoja na uamuzi wa watangazaji, na lawama kwamba wimbo hauingii hewani bila "kitu kidogo" zilikuwa za kawaida. Tuzo za muziki Tanzania, zilizoanza mwaka 1999, nazo zilizua manung'uniko kila mwaka. Kwa kifupi, kila kipimo kilichokuwapo kilikuwa na mkono wa mtu juu ya mizani, kama ilivyokuwa Marekani kabla ya mwaka 1991.

Kuna ushahidi mwingine, ambao wataalamu wa lugha wana nafasi nzuri ya kuuona kuliko wataalamu wa biashara, nao ni kile ambacho wimbo umekiacha katika vinywa vya watu. Joseph Haule, yaani Professor Jay, aliyetokea katika kundi la Hard Blasters, alitoa albamu yake "Machozi, Jasho na Damu" mwaka 2001. Ndani yake mna "Ndio Mzee", wimbo unaomwigiza mwanasiasa akimwaga ahadi zisizowezekana mbele ya umati unaoitikia kila neno. Kitikio chake ndicho jina lake, na jina hilo ni fungu la maneno ambalo kila mtumishi mdogo wa ofisi alikuwa akilitamka kila siku kwa heshima. Baada ya wimbo, likawa gumu kutamkwa bila mwangwi wa kejeli. Wimbo haukuunda neno jipya; ulilibadilisha rangi neno la zamani, kazi ambayo kwa kawaida tunaisifu kwa washairi wakubwa. Wimbo wake mwingine, "Zali la Mentali", ulifanya kinyume chake. "Zali", yaani bahati isiyotarajiwa, ni neno la mitaani. Jina la wimbo likageuka kuwa msemo unaojitegemea, ukitumiwa hata na watu ambao hawakumbuki ubeti wowote wa wimbo wenyewe.

Ukubwa wa mchango huo unaonekana katika kazi ya Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling ya mwaka 2006 kuhusu lugha ya mitaani nchini Tanzania, yenye kamusi ya maneno na misemo ipatayo 1,100. Waandishi hao waliichukulia Bongo Flava kuwa mojawapo ya njia zinazosambaza msamiati huo nchini. Neno linaloweza kubakia katika kijiwe kimoja cha Temeke linapoingia katika wimbo linaamkia Mwanza na Mtwara. Wala si maneno tu yaliyosafiri. Mwaka 2010 Mbilinyi alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini, na mwaka 2015 Haule, mtunzi wa wimbo uliomkejeli mgombea, alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi. Wanasayansi ya siasa watakuwa na maelezo yao. Kwa mada hii inatosha kusema kwamba kura zao zilihesabiwa. Kanda zao hazikuhesabiwa.

Kenya inatoa ushahidi unaofanana na huo kwa njia yake. Hapo napo kituo cha serikali kilitawala mawimbi hadi katikati ya miaka ya 1990, na Capital FM, kilichofungua mlango wa redio za binafsi mwaka 1996, kilijulikana zaidi kwa muziki wa nje. Kundi la Kalamashaka, kutoka mtaa wa Dandora jijini Nairobi, lilitoa "Tafsiri Hii" mwaka 1997. Jina la wimbo ni amri kwa msikilizaji, naye msikilizaji aliyekusudiwa ni mkazi wa mjini aliyezoea kuisikia hip hop kwa Kiingereza. Kwamba vijana wa mtaa maskini walichagua Kiswahili, katika jiji ambalo Kiingereza kilikuwa lugha ya majivuno na Sheng lugha ya mtaa, ni jambo lisiloonekana katika orodha yoyote ya nyimbo kumi bora. Miaka mitano baadaye Gidi Gidi Maji Maji walitoa "Unbwogable". Neno hilo si la Kiswahili: mzizi wake "bwogo", kutisha, ni wa Kijaluo, umevishwa kiambishi awali na kiambishi tamati vya Kiingereza. Katika uchaguzi wa Desemba 2002 muungano wa NARC uliufanya wimbo huo kuwa kauli yake ya kampeni, na neno likatamkwa na Wakenya wa lugha zote. Hakuna chati ya mauzo iliyothibitisha ushindi huo, na hapakuwa na aliyeihitaji.

Siku hizi, hata hivyo, tarakimu zipo. Tangu nyimbo za Kiswahili zilipohamia katika YouTube na majukwaa mengine ya mtandaoni, chini ya kila wimbo pana idadi inayosomeka na yeyote. Baada ya miongo miwili ya giza, kishawishi cha kuzifanya tarakimu hizo kuwa kipimo cha mwisho ni kikubwa, na tayari tasnifu zimeanza kuchagua matini kwa kuangalia wimbo uliotazamwa mara milioni kadhaa. Ni hatua inayoeleweka, lakini inarudia kosa la zamani kwa chombo kipya.

Jambo la kwanza ni kwamba anayehesabiwa ni mwenye bando. Msikilizaji wa Muscat au London, aliye na mtandao usiokatika, anaweza kuhesabiwa mara kumi kwa siku, wakati abiria arobaini wa daladala wanaousikia wimbo kutoka katika simu ya dereva ni mtazamaji mmoja, na kama dereva ameuweka katika kadi ya kumbukumbu, basi si mtazamaji hata mmoja. La pili, idadi hiyo inaweza kununuliwa, na tuhuma za namna hiyo zimekuwa sehemu ya majibizano ya wasanii wenyewe. La tatu ndilo zito zaidi kwa mwanahistoria wa lugha: hesabu huanza siku wimbo ulipopandishwa. Wimbo wa mwaka 1995 uliopandishwa na shabiki miaka mingi baadaye, kutoka katika kanda yenye mikwaruzo, hubeba tarakimu ndogo kama vile haukupata kusikilizwa na mtu. Mwanafunzi aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 akiziweka tarakimu mbili kando kwa kando ataamini kwamba "Ni Mimi" ilikuwa kazi ya pembeni.

Pamoja na hayo, video hupendelea wimbo wa kuchezwa na wa mapenzi. Sehemu kubwa ya Bongo Flava imehamia huko, na hakuna ubaya katika hilo. Lakini marapa wanaotegemea uzito wa maneno, kama Fid Q wa Mwanza, husikilizwa kwa namna nyingine. Mashabiki wao hubishana juu ya maana ya mstari mmoja, huukariri, huunukuu katika mazungumzo. Mabishano ya kijiweni juu ya mstari mmoja ni data ya thamani kubwa kwa mwanafasihi. Kwa mashine ya kuhesabu hayapo.

Haimaanishi kwamba takwimu zitupwe. Maana yake ni kwamba anayekusanya matini za nyimbo hizi ahoji mashahidi zaidi ya mmoja: msemo ulioingia katika mazungumzo, wimbo uliojibiwa na wimbo mwingine, maandishi ya nyuma ya daladala na matatu, kichwa cha habari kilichoazima jina la wimbo, mwanasiasa aliyejaribu kuutumia jukwaani. Na afanye hivyo mapema. Kanda ya kaseti huchuja sauti, hunasa, hushika ukungu, na nyingi za miaka ya 1990 hazikuwahi kuhifadhiwa katika maktaba yoyote.

Fasihi ya Kiswahili imewahi kupita katika hali kama hii. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, yalitungwa kwa ajili ya majibizano ya siku ile na mambo ya mji ule. Tunayo leo kwa sababu miongo kadhaa baada ya kifo chake watu wa Mombasa walikuwa bado wanayakumbuka, na Mwalimu Sikujua, akishirikiana na W. E. Taylor, alijishughulisha kuyaandika kutoka kwao kabla hawajaondoka. Kitabu kilichapishwa mwaka 1940, miaka mia moja hivi baada ya mtunzi. Kijana wa miaka 18 aliyekuwa ukumbini mwaka 1991, Saleh J alipouvika Kiswahili mdundo wa "Ice Ice Baby", sasa amevuka miaka hamsini. Pengine kanda yake imekwisha kuharibika, lakini maneno bado anayo, na anaweza kuyatamka kwa kasi yake ileile akipata mtu wa kumuuliza.